Bafu na choo cha nyumbani: kutengeneza upya kwa pesa kidogo



Kazini tumefundishwa kuuliza. Mbele ya kushuka shimoni tunauliza: hewa inapita? Ukuta unashika, au unataka kuanguka? Njia ya kutokea iko wapi? Mtu asiyeuliza maswali hayo, wenzake wanamwangalia kwa wasiwasi. Lakini jioni tunarudi nyumbani, tunachukua ndoo na sabuni, tunaingia katika bafu lenye giza, tunasimama juu ya tofali linalocheza katika matope, na hatuulizi kitu.

Kwa hiyo leo ukurasa wetu hauzungumzi juu ya kofia ngumu wala viatu vya kazi. Unazungumza juu ya bafu na choo cha nyumbani kwako, na namna ya kuvitengeneza upya kwa pesa ya mtu anayeishi kwa mshahara, mwenye watoto shuleni na wazazi mgini.

KARO ZA KONJI

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya Kongolo. Baba anafanya kazi ya mgodi mbali na kwao. Mama na watoto watano, pamoja na nyanya yao, wanakaa Kongolo, si mbali na mto Lualaba. Baba alipopata konji alifika na mizigo, na ndani ya mizigo kulikuwa pakiti za karo nyeupe za kupamba bafu. Alikuwa ameziona katika nyumba ya mkubwa wake wa kazi, akasema: na jamaa yangu waoge fasi nzuri.

Mama alizitazama karo, akashukuru. Kisha akauliza:

– Baba watoto, karo hizi utazibandika juu ya nini?

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Bafu lilikuwa kuta nne za matofali mabichi, bila sakafu. Maji ya kuoga yalipita chini ya ukuta na kusimama katika lupango wa jirani. Choo kilikuwa shimo la zamani lenye miti iliyoanza kuoza na udongo juu yake. Na kutoka choo mpaka kisima, mama alihesabu hatua kwa sauti: 14.

– Mwaka jana mtoto wetu wa mwisho alilala siku tatu na maji ya sindano, akasema mama. Munganga aliniuliza swali moja tu: maji mnakunywa ya wapi?

Baba alinyamaza. Kesho yake alipeleka karo sokoni, akazibadilisha kwa mifuko mitano ya simenti. Mifuko hiyo ilifanya kazi gani? Fuata nasi hatua kwa hatua. Nawe utaona kwamba pesa inatangulia chini, kwa mambo yasiyoonekana, ndipo inapanda kwa mambo yanayong'aa.

KISIMA HAKIJUI MPAKA WA LUPANGO

Kolera si ugonjwa wa hadithi kwa watu wa Tanganyika. Mwendo wake mkubwa wa siku hizi ulianza Indonesia mwaka 1961, ukafika Afrika mwaka 1970. Mwaka 1978 uliingia mashariki ya nchi yetu kwa mlango wa Kalemie. Tangu wakati ule kolera haijaondoka kabisa. Inalala, inaamka, inapita kandokando ya ziwa na kandokando ya Lualaba, na Kongolo inaijua vizuri.

Kolera inaingia kwa mdomo. Mavi ya mgonjwa yanafika katika maji au katika chakula, kupitia shimo, mikono au nzi, na mtu mwingine anayameza. Ndiyo sababu choo kibaya cha mtu mmoja ni ugonjwa wa kartie nzima.

Mji wa London, Uingereza, ulijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya 500 walikufa kwa kolera katika siku 10. Munganga mmoja, John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akauliza kila jamaa maji wanachota wapi. Karibu wote walichota kwenye pampu moja. Alishauri mkono wa pampu utolewe, na ukatolewa. Baadaye walipochimba waliona sababu: shimo la uchafu la nyumba ya karibu lilikuwa limepasuka, na kutoka shimo hilo mpaka ukuta wa kisima hapakufika meta moja. Mama wa nyumba ile alikuwa amemwaga humo maji aliyofulia nguo za mtoto wake mgonjwa.

Basi, kabla ya kununua kitu chochote, pima. Chukua kamba au hesabu hatua kubwa:

– Kutoka shimo la choo mpaka kisima: meta 30 au zaidi, na choo kiwe upande wa chini, kisima upande wa juu wa mteremko.
– Kutoka choo mpaka nyumba: meta 6 au zaidi.
– Kutoka chini ya shimo mpaka maji ya ardhini: meta 1 na nusu au zaidi, ukihesabu wakati wa mvua, si wakati wa jua.

Pima na choo cha jirani, kwa sababu kisima hakijui mpaka wa lupango. Kama lupango ni ndogo na meta 30 hazipatikani, usijidanganye. Maji ya kisima kile yawe ya kufua na kusafisha nyumba tu. Ya kunywa yachotwe fasi nyingine, au yatiwe dawa ya klorini kama wanavyoonyesha watu wa kituo cha afya, au yachemshwe.

Jamaa yetu ya Kongolo walipima kutoka pembe moja ya lupango mpaka pembe ya pili, wakapata meta 31. Choo kipya kikahamia pembe ile.

SHIMO: HAPA WEWE NDIWE FUNDI

Mtu wa mgodi hahitaji kufundishwa kwamba udongo unaua. Lakini tumeona watu wenye miaka mingi ya kazi wakichimba shimo la choo peke yao, bila kamba, bila mtu juu, kama kwamba udongo wa nyumbani una huruma. Shika sheria zile zile za kazini:

1. Usichimbe peke yako. Mtu mmoja abaki juu, na kamba iwe imefungwa tayari.
2. Udongo unaotoka uutupe mbali, usiuweke pembeni ya mdomo wa shimo.
3. Shimo liwe la mviringo, upana wa meta 1 na sentimeta 10, urefu wa chini meta 3. Mviringo unashika kuliko pembe nne, kwa sababu udongo unasukuma kutoka pande zote sawasawa.
4. Karibu na mto udongo una mchanga mwingi. Usimwache mtu ashuke kupita kifua chake bila kushikiza kuta.
5. Watoto na mbuzi wakae mbali. Usiku, funika shimo na weka miti pembeni.

Meta moja ya juu ijengwe kwa matofali ya kuchoma na simenti. Kama udongo ni wa mchanga, jenga mpaka chini kabisa, lakini matofali ya chini yapangwe bila simenti katikati, ili maji yapate kutoka.

Je, shimo hili litadumu muda gani? Mtu mmoja anajaza kadiri ya lita 60 kwa mwaka. Jamaa ya watu saba, katika shimo la kipimo hiki, watakaa nalo zaidi ya miaka mitano. Uchafu ukifika sentimeta 50 chini ya dala, lifunge.

Kwa wale wanaokaa fasi ya chini, ambako maji ya mvua yanapanda mpaka karibu na uso wa ardhi: usichimbe sana, panda juu. Jenga duara la matofali na simenti mpaka meta moja juu ya ardhi, rundika udongo kuzunguka, na weka ngazi. Waulize wazee wa kartie maji yanapanda mpaka wapi katika mwaka wa mvua nyingi. Wao ndio vitabu vya fasi ile.

Neno juu ya shimo la zamani. Usishuke ndani yake hata kwa dakika moja, hata kama simu au ndoo imeanguka humo. Ndani mna hewa mbaya ile ile unayoiogopa katika mashimo yaliyoachwa: mtu wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Shimo la zamani lijazwe majivu na udongo kutoka juu, lipandishwe kilima kidogo, na lipandwe mgomba. Usichimbe tena fasi ile.

DALA NA TIYO YA HEWA

Miti na udongo juu ya shimo ni mtego. Mchwa wanakula kutoka chini, na wewe unaona juu tu. Siku moja unamtuma mtoto, na mtoto harudi. Dala ya betoni inamaliza hofu hiyo, na inasafishwa kwa maji na fagio.

Kwa shimo letu dala iwe ya mviringo, upana wa meta 1 na nusu, unene wa sentimeta 7. Mfuko mmoja wa simenti unatosha. Pima kwa ndoo moja: simenti ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 3. Weka vyuma vya milimeta 8, kila sentimeta 15, kwa kupishana, vikae upande wa chini wa dala lakini visiguse udongo. Visimame juu ya mawe madogo ya sentimeta 2. Usimwage maji mengi. Betoni inayotiririka kama uji ikikauka inapasuka.

Tundu liwe na urefu wa sentimeta 30 hadi 35, na upana usiozidi 17. Kwa tundu la upana huo mtoto hapiti. Pembeni acha tundu la pili kwa tiyo ya hewa.

Kisha kuwa na subira. Funika dala kwa magunia, yamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu wengi wanaharibu kazi yao hapa, kwa kuwa wanaona betoni imekuwa ngumu siku ya pili. Ugumu ule ni wa juu tu. Dala hii inakaribia kilo 300. Siku ya nane isukumeni kama gurudumu, watu sita, taratibu, na mtu asisimame upande inakoelekea.

Tiyo ya hewa ni akili iliyotoka kwa majirani zetu. Katika miaka ya 1970, nchi iliyoitwa Rhodesia, leo Zimbabwe, wataalamu wa maabara ya Blair walitengeneza choo cha shimo kisicho na harufu wala nzi. Kinafanya kazi hivi: tiyo inatoka shimoni, inapanda mpaka sentimeta 50 juu ya manjanja. Upepo ukipita juu ya tiyo unavuta hewa kutoka shimoni, na hewa safi inaingia kupitia tundu. Harufu inatoka juu, haitoki usoni pako. Ninyi watu wa mgodi mnaelewa upesi: ndivyo hewa inavyopitishwa chini ya ardhi.

Nzi naye anafuata mwanga. Ndani ya choo kukiwa na giza kidogo, nzi wa shimoni wanaona mwanga wa juu ya tiyo, wanapanda, wanakuta wavu, wanafia pale. Kwa hiyo: tiyo iwe na upana wa milimeta 110 au zaidi, wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu, na choo kiwe na paa na giza kidogo. Katika choo cha namna hii tundu haifunikwi, ili hewa ipite. Ukikosa tiyo, weka kifuniko chenye mkono mrefu, kifungwe kila mara.

SAKAFU YA BAFU: KUKAUKA KULIKO KUNG'AA

Sasa tufike bafuni. Bafu zuri ni lile linalokauka. Maji yanayosimama yanaleta ukungu, mbu, na vidonda kati ya vidole vya miguu, ambavyo mtumishi anavipeleka kazini ndani ya viatu vyake.

Kwa bafu la meta 2 kwa meta 1 na nusu:

– Toa udongo laini. Tandika matofali yaliyovunjika na mawe, unene wa sentimeta 10, piga mpaka yashike.
– Mwaga juu yake simenti ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, unene wa sentimeta 4. Utatumia mfuko 1 na robo.
– Sakafu ishuke kuelekea tundu la maji, sentimeta 2 kwa kila meta moja. Usiamini macho. Tumia nivo, au mwaga maji kikombe kimoja siku ile ile, wakati simenti ingali mbichi, uone yanakwenda wapi.
– Kuta zipigwe simenti mpaka kiuno cha mtu, meta 1 na sentimeta 20. Robo tatu ya mfuko inatosha. Pembe kati ya ukuta na sakafu iwe ya mviringo, ili uchafu usijifiche.
– Fasi ya kusimama usiilainishe sana. Pitisha fagio juu ya simenti mbichi, ibaki na mistari. Bibi mzee akikanyaga sabuni juu ya sakafu inayoteleza kama kioo, anavunja nyonga, na nyonga ya mzee haiponi upesi. Karo laini ndizo zinazoteleza kuliko zote.

Kama nyumbani mna mzee au mama mwenye mimba, weka kipande cha tiyo ya chuma ukutani kama mkono wa kushika, na benchi dogo la matofali la kukalia wakati wa kuoga. Matofali 20 yanatosha.

Angalia vitu unavyonunua. Mfuko wa simenti wenye madonge ndani umeshakufa; urudishe. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchanga wa mtoni ujaribiwe: tia katika chupa ya kioo pamoja na maji, tikisa, acha itulie. Ukiona matope juu ya mchanga yanapita sehemu moja ya kumi, osha mchanga kwanza.

MAJI YA BAFU YANAKWENDA WAPI?

Usiyapeleke katika shimo la choo. Yatalijaza upesi na kuzaa mbu. Usiyapeleke njiani wala kwa jirani. Maneno mengi ya kartie yalianzia kwenye mfereji wa maji ya sabuni.

Chimba shimo dogo, meta 1 kwa meta 1 kwa meta 1, mbali na ukuta wa nyumba meta 3 au zaidi, na mbali na kisima sawasawa na choo. Lijaze mawe na matofali yaliyovunjika. Juu yake weka kipande cha gunia au manjanja ya zamani, kisha udongo. Peleka maji humo kwa tiyo, na mbele ya tiyo jenga kisanduku kidogo cha matofali cha kushika nywele na sabuni. Kisafishe kila juma. Kazi hii pamoja na kizingiti cha mlango inakula nusu mfuko.

Panda migomba miwili au mitatu kandokando. Mgomba unapenda maji haya. Lakini mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe pale.

MIKONO

Hata choo cha mfalme, bila maji ya kunawa, ni kazi nusu. Chukua bidoni ya lita 5, toboa tundu dogo karibu na mdomo, itundike juu ya mti kwa kamba, funga kamba nyingine kwenye mdomo na kipande cha mti chini. Ukikanyaga mti, bidoni inainama, maji yanatoka, na mkono haugusi bidoni. Sabuni itobolewe na itundikwe kwa kamba kando yake. Kazi hii haidai simenti wala fundi. Mtoto wa miaka 10 anaifanya kwa nusu saa. Sabuni ikikosekana, majivu safi yanasaidia.

HATARI NNE ZA BAFUNI

Mbabula. Wakati wa baridi kuna watu wanaoingiza mbabula ya makala katika bafu lililofungwa. Usifanye hivyo kamwe. Makala yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu analala bila kuamka. Chemsha maji nje, ingiza maji, acha moto nje.

Umeme. Ukiwa na umeme, taa ya bafu iwe juu, na mahali pa kuwashia pawe nje ya mlango. Kile chuma cha kuchemshia maji ndani ya ndoo kimeua watu: kichomoe kwanza, ndipo uguse maji. Waya zilizounganishwa kwa sashe hazina fasi bafuni.

Javeli. Ni dawa nzuri ya kusafisha choo na sakafu. Lakini usiichanganye na asidi ya kutoa madoa. Zikikutana zinatoa moshi unaochoma mapafu.

Ndoo na pipa. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kufa maji katika ndoo iliyojaa nusu. Pipa lifunikwe daima. Kwa hiyo hiyo mbu nao wanakosa fasi ya kutaga.

HESABU

Sasa tuijumlishe mifuko ya jamaa yetu:

– Duara la juu la shimo: nusu mfuko
– Dala: mfuko 1
– Sakafu ya bafu: mfuko 1 na robo
– Kuta: robo tatu ya mfuko
– Kisanduku cha maji na kizingiti: nusu mfuko

Jumla ni mifuko 4. Wa tano ulibaki kwa vile vinavyomwagika na vinavyosahaulika. Ongeza matofali, vyuma vichache vya milimeta 8, tiyo mbili, wavu, na manjanja matatu au manne. Kokoto na mchanga watoto wakubwa walivikusanya. Kuchimba alichimba baba mwenyewe pamoja na shemeji yake. Masoni alilipwa siku tatu: dala, sakafu, kuta.

Kama huna pesa ya yote kwa mara moja, usikate tamaa, wala usianzie mwisho. Kila mshahara na kazi yake:

Mwezi wa kwanza: kupima, bidoni ya kunawa mikono, kifuniko cha tundu. Karibu bure.
Mwezi wa pili: dala, hata juu ya shimo lililopo kama kuta zake ni imara na liko mbali na kisima.
Mwezi wa tatu: shimo la maji ya bafu.
Mwezi wa nne: sakafu.
Mwezi wa tano: kuta, tiyo ya hewa, manjanja.
Baadaye: rangi, kioo, karo.

Chimba wakati wa jua, mvua haijaanza. Shimo lililo wazi mwezi wa kumi na mbili linajaa maji na kubomoka mbele ya macho yako.

UGONJWA UKIFIKA

Mtu akianza kuhara maji mengi kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Mpe maji ya kunywa yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijazwe kupita ukingo. Mpe kidogo kidogo hata akitapika, na umpeleke kituo cha afya mara moja, ukiendelea kumnywesha njiani. Kolera inaweza kumwua mtu mzima kwa saa chache, lakini aliyetiwa maji mapema anapona. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kila mara, na nguo za mgonjwa zisifuliwe mtoni wala karibu na kisima.

Ndugu mtumishi, yule baba wa Kongolo alirudi kazini siku mbili mbele ya konji kwisha, mikono ina malengelenge kama ya mwanafunzi wa kazi. Nyuma yake aliacha bafu la simenti ya kijivu, lisilo na pambo lolote. Jirani alikuja kutazama, akapima kwa hatua zake, naye akaanza kuchimba upande ule ule wa chini. Juu ya karo, mama amesema: mwaka kesho, na ziwe za ukutani.

Jumapili hii, kabla ya kukaa kupumzika, chukua kamba ya meta 30. Funga upande mmoja kisimani, tembea na upande mwingine mpaka chooni. Kamba ikibaki mkononi, unajua kazi yako inaanzia wapi.

Usalama wa kazini unaanza nyumbani.